Mgonjwa apewe namba za fizi zake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji niseme jambo moja ambalo kurasa za afya, za gazeti lako na za magazeti mengine, hulipita kila zinapozungumzia ugonjwa wa fizi. Wasomaji huambiwa wapige mswaki asubuhi na usiku, wapunguze sukari, waache sigara na wamwone daktari wa meno kabla jino halijauma. Yote hayo ni kweli na sina ugomvi nayo. Kisichosemwa ni kwamba ugonjwa huu hupimwa, kwamba jibu la kipimo chake ni namba ya milimita, na kwamba namba hiyo isipoandikwa siku ile ile, jino kwa jino, mgonjwa anakuwa amemulikwa kinywa kwa taa tu na kurudishwa nyumbani. Mimi si daktari. Ni msaidizi wa daktari wa meno, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa kukaa upande wa pili wa kiti, kalamu mkononi, nikiandika namba anazozitaja daktari akiwa ameinamia kinywa cha mtu. Ninayoyasema nimeyaona nikiwa hapo.

Kifaa chenyewe ni cha kawaida mno, na pengine ndiyo sababu hakisifiwi. Kipimio cha fizi, ambacho sisi kazini tunakiita probu, ni kijiti chembamba cha chuma cha pua chenye mpini wa kushikwa kama kalamu na ncha ndefu iliyopinda, ambayo juu yake kumechongwa au kupakwa rangi alama za milimita. Ncha hiyo ni butu kwa makusudi, na unene wake mwishoni ni kama nusu milimita. Wagonjwa wengi hukichanganya na kile kifaa kingine chenye ncha kali kama ndoano, kinachotumika kutafuta meno yaliyooza, kwa hiyo wakikiona tu hukaza mikono kwenye kiti. Nami nimezoea kuwagusisha ncha ya probu safi kwenye ukucha kwanza, ili wajionee wenyewe kwamba haichomi.

Kati ya jino na ufizi pana mfereji mdogo unaolizunguka jino kama kola inavyoizunguka shingo. Kwa mtu mwenye fizi nzima kina cha mfereji huo ni milimita 1 hadi 3. Utando wa bakteria ukiachwa hapo, na sehemu yake ikagandia kwenye jino na kuwa ukoga mgumu, ufizi huvimba. Uvimbe ukidumu, kwa baadhi ya watu nyuzi zinazoushikilia ufizi kwenye mzizi huachia, mfupa wa taya hupungua kidogo kidogo, na kilichokuwa mfereji kinakuwa mfuko. Mfuko ukishafika milimita 4 au 5, mswaki wala uzi wa kusafishia meno haufiki chini kabisa, na bakteria wanaokaa huko wamejipatia nyumba isiyo na mgeni. Yote hayo huweza kuendelea kwa miaka bila maumivu. Mgonjwa anayesema meno yake hayajawahi kumuuma hasemi uongo, na bado anaweza kuwa na gego ambalo nusu ya mzizi wake haishikiliwi tena na mfupa. Picha ya eksirei huonyesha mfupa uliobaki, lakini mfuko wenyewe, ambao ni nyama laini na uwazi, hauonekani humo. Ni lazima mtu aingize kijiti na kusoma alama.

Kila jino hupimwa sehemu sita: tatu upande wa shavu au mdomo, tatu upande wa ulimi au kaakaa. Mtu mwenye meno 28 ana sehemu 168 za kupimwa, na aliyebahatika kuwa na yote 32 anazo 192. Daktari hakidungi kijiti mahali pamoja na kukitoa. Hukitembeza ndani ya mfuko kwa hatua fupi, kikipanda na kushuka, huku akikiweka sambamba na mzizi, na kila sehemu hutaja kina kikubwa alichokikuta. Katikati ya meno mawili hukiinamisha kidogo, kwa sababu hapo ndipo mifuko mingi huanzia na ndipo kijiti kilichosimama wima hushindwa kufika. Basi mimi husikia mfululizo kama huu: tatu, mbili, tatu, tatu, mbili, nne, tano damu, tatu, sita damu. Naandika namba kwenye visanduku vya chati, natia nukta nyekundu palipotoka damu, na alama nyingine palipotoka usaha. Jino linalotikisika nalo lina mahali pake, na kadhalika magego ambayo mfuko wake umefika kwenye panda, yaani pale mizizi inapoachana; hayo hupimwa kwa kipimio kingine kilichopinda kama mundu.

Mhariri, hapo ndipo kuna tatizo ambalo nadhani ni wasemaji wa Kiswahili tu wanaolijua. Daktari amevaa barakoa, mashine ya kufyonza mate inanguruma, naye anasema ama nne ama nane. Nne ni mfuko wa kuangaliwa. Nane ni jino linaloelekea kupotea. Katika mwaka wangu wa kwanza niliandika nane palipokuwa nne, na mgonjwa aliporudi tukashangilia kwa dakika nzima jinsi mfuko wake ulivyopona, mpaka daktari alipoitazama chati ya zamani kwa makini na kuuliza imekuwaje jino lenye nane lizungukwe na mbili na tatu pande zote bila hata nukta moja ya damu. Tangu siku hiyo, katika chumba chetu hakuna anayesema nane peke yake. Tunasema "nane, saba na moja", na mimi huirudia kwa sauti kabla ya kuiandika. Wageni hucheka. Vyumba vingine siku hizi vina programu ya kompyuta inayosikiliza sauti ya daktari na kuandika namba yenyewe. Kwa anayetaja namba kwa Kiswahili, hayo ndiyo maneno mawili ambayo ningeijaribu nayo kabla ya kuiamini.

Waliobuni vipimio vyenyewe walikutana na tatizo la namna hiyo hiyo, ila lao lilikuwa la jicho. Kipimio cha Williams, ambacho asili yake ni mwaka 1936 na ambacho hadi leo kimo katika trei nyingi, kina alama kwenye milimita 1, 2, 3, 5, 7, 8, 9 na 10. Alama za 4 na 6 ziliachwa kwa makusudi, ili macho yapate nafasi wazi ya kuegemea na msomaji asipotee katikati ya mistari inayofanana. Kipimio cha Chuo Kikuu cha North Carolina kina mstari kwa kila milimita hadi 15, na kwa kuwa mistari hiyo ni mingi, kimepakwa rangi nyeusi kati ya 4 na 5, kati ya 9 na 10, na kati ya 14 na 15. Kile cha Michigan kina alama tatu tu, kwenye 3, 6 na 8. Cha Marquis kina mikanda ya rangi inayopokezana na kuishia kwenye 3, 6, 9 na 12. Kila kimoja ni kizuri kwa aliyekizoea. Hatari huanza pale vinapochanganywa katika trei moja bila mtu kusema.

Ilitutokea. Daktari wetu wa kawaida alikuwa na probu ya Michigan, naye alipokwenda likizo alikuja daktari wa kushika nafasi ambaye maisha yake yote alikuwa ametumia ya Marquis. Hakuna aliyemwambia, wala yeye hakuuliza. Trei ilifunguliwa, probu ikashikwa, kazi ikaanza. Alimpima mama mmoja ambaye tulikuwa tukimfuatilia kwa mwaka mzima, na nilipokuwa naandika niliona jambo lisilo la kawaida: namba ndogo zote zilikuwa kama zilivyokuwa safari iliyopita, tatu ilibaki tatu na sita ilibaki sita, lakini kila palipokuwa 8 kwenye magego ya nyuma sasa palitajwa 9. Mgonjwa alikuwa amekwisha kuambiwa kwamba fizi zake zimezidi kuharibika na kwamba huenda akahitaji kupasuliwa. Niliomba radhi, nikatoa chati ya zamani, nikaiweka kando ya mpya. Ugonjwa huwa haufuati mpangilio wa namna hiyo, kuongezeka milimita moja kamili katika mifuko yenye kina kikubwa tu na kuiacha mingine yote vilevile. Daktari aliiangalia chati, akaiangalia ncha ya probu, akacheka kwa aibu. Alama ya tatu aliyokuwa akiiita 9 ilikuwa 8. Hakuna aliyekuwa mzembe kupita kiasi, na hakuna kifaa kilichokuwa kibovu. Kilichomwokoa yule mama ni kwamba namba za mwaka uliotangulia zilikuwepo kwenye karatasi. Tangu hapo, juu ya kila chati tunaandika aina ya probu iliyotumika, na nashauri kila chumba kifanye hivyo, kwa kuwa ni maneno mawili tu.

Jambo jingine lisiloonekana kwa macho ni nguvu ya mkono. Kijiti kikisukumwa kwa wepesi mno hukomea njiani, hasa penye ukoga mgumu uliojitokeza kama jiwe ukutani. Kikisukumwa kwa nguvu mno hupenya nyama na kutoa kina kisichokuwepo. Nguvu inayofundishwa ni ya kama gramu 20 hadi 25, na njia ya zamani ya kuikumbuka ni kuibonyeza ncha chini ya ukucha wa kidole gumba mpaka ukucha uanze kuwa mweupe. Siku moja tulileta mizani ndogo ya kupimia unga wa dawa na kila aliyekuwepo akaibonyeza kwa probu kama anavyopima kinywani, bila kutazama namba. Mmoja alisoma gramu 18. Mwingine, ambaye wagonjwa walikuwa wakilalamika kwamba mkono wake ni mzito, alisoma zaidi ya 60, naye alikuwa akiapa kwamba anagusa tu. Mchezo ule wa dakika tano ulitufundisha kuliko mihadhara mingi, na sijui kwa nini haufanywi kila mahali.

Hata mkono ukiwa sahihi, namba yenyewe ina tabia zake, na hapa ndipo wagonjwa hupotoshwa bila mtu kukusudia. Ufizi wenye uvimbe ni laini, kwa hiyo ncha ya probu huupenya kidogo kupita mahali ambapo kwa kweli umeshikana na jino. Ufizi uliopona hukaza, na ncha hukomea mapema. Kwa hiyo mfuko wa milimita 6 unaposomwa 4 miezi mitatu baada ya kusafishwa, sehemu ya tofauti hiyo ni ufizi uliosinyaa uvimbe ulipokwisha na sehemu nyingine ni nyama iliyokaza. Si kwamba mfupa umeota upya. Hilo ni jema na ndilo tunalolitafuta, ila mgonjwa asipoelezwa huja analalamika kwamba tangu asafishwe meno yake yamekuwa marefu na yana mianya. Yamekuwa marefu kweli kwa kutazama. Uvimbe ulioyaficha umeondoka.

Kwa sababu hiyo kina cha mfuko peke yake hakitoshi, nami husikitika ninapoiona chati yenye safu hiyo moja tu. Lazima pia iandikwe mahali ukingo wa ufizi ulipo ukilinganishwa na shingo ya jino, pale enameli, yaani gamba gumu la nje ya jino, inapokutana na mzizi. Chukulia meno mawili ambayo yote yana mfuko wa milimita 4. La kwanza ufizi wake umerudi nyuma milimita 3 chini ya shingo. Mshiko uliopotea ni 7, na jino hilo liko taabani. La pili ufizi wake umevimba ukapanda milimita 2 juu ya shingo. Mshiko uliopotea ni 2. Namba ya mfuko ni ile ile, lakini mustakabali wa meno hayo haufanani hata kidogo. Uainishaji wa kimataifa wa magonjwa ya fizi uliochapishwa mwaka 2018 umejengwa juu ya huo mshiko uliopotea: ukiwa milimita 1 hadi 2 pale palipoharibika zaidi, ugonjwa uko hatua ya kwanza, 3 hadi 4, hatua ya pili, 5 na kuendelea, hatua ya tatu au ya nne. Daktari asiyeandika mahali ukingo wa ufizi ulipo hana namna ya kusema kwa uhakika mgonjwa wake yuko hatua gani.

Damu nayo ni habari. Sehemu ambayo haitoki damu ikipimwa, safari baada ya safari, kwa kawaida ni sehemu iliyotulia, na nukta nyekundu zikipungua kwenye chati hata mimi nisiye daktari huona kwamba matibabu yanafanya kazi. Lakini wavutaji sigara wasijifariji kwa hilo: sigara hupunguza damu inayofika kwenye ufizi, kwa hiyo mvutaji anaweza kuwa na mifuko yenye kina kirefu bila kutoka damu ya kutisha. Kwake yeye milimita zina uzito kuliko rangi ya mate yake. Kwa wenye kisukari uhusiano ni wa pande mbili, kwa maana sukari isiyodhibitiwa huchochea ugonjwa wa fizi, na fizi zenye ugonjwa huifanya sukari iwe ngumu kudhibitiwa. Chati ya fizi ingestahili kukaa katika faili moja na majibu ya sukari ya damu, ingawa sijaona mahali pengi panapofanya hivyo.

Najua nitajibiwa kwamba hakuna muda, na kwamba ipo njia fupi. Ipo, na ni nzuri kwa kazi yake. Shirika la Afya Duniani lina kipimio chenye kijiduara cha nusu milimita mwishoni na mkanda mweusi kati ya milimita 3.5 na 5.5. Kinywa hugawanywa sehemu sita, na kila sehemu hupewa alama moja tu kwa kuangalia mfuko mbaya kuliko yote: mkanda mweusi ukionekana nusu, mfuko umefika kiwango cha kushughulikiwa, ukizama wote, mfuko umepita milimita 5.5. Njia ya namna hiyo ilianza kutumika katika uchunguzi wa jamii tangu mwaka 1982, na kwa kuchuja watu wengi kwa muda mfupi haina mpinzani. Kosa ni kuichukua kama kumbukumbu ya matibabu. Alama 4, yaani ile ya mkanda uliozama wote, kwenye sehemu ya nyuma ya taya haisemi ni jino gani, upande gani, wala kama mwakani pana nafuu. Ni kengele ya mlangoni, na anayeisikia inampasa afungue aone nani amekuja, yaani apime sehemu zote sita za kila jino. Kwa waliozoea kufanya kazi wawili, mmoja akipima na mwingine akiandika, chati kamili huchukua kama robo saa. Daktari anayepima na kuandika peke yake, akivua glavu na kuvaa nyingine kila baada ya jino, ndiye anayekosa muda kweli, na dawa yake ni kumpatia msaidizi.

Wengine husema tungoje vifaa vya kompyuta. Navyo vipo, wala si vipya: kipimio cha Florida, chenye kusukuma kwa nguvu isiyobadilika ya gramu 15, kusoma sehemu ndogo za milimita na kupeleka namba moja kwa moja kwenye kompyuta mtu akikanyaga kiswichi cha mguuni, kilielezwa katika majarida ya kitaalamu mwaka 1988. Vifaa vya aina hiyo huondoa matatizo mawili niliyoyataja, mkono mzito na sikio la mwandishi. Hata hivyo havijui kama ncha imeinama kupita kiasi au imekwama juu ya ukoga, na aliyezoea kuhisi mzizi kwa vidole hulalamika kwamba mashine inamnyima hisia hiyo. Ningependa kuwa nayo, sitasema uongo. Lakini nimeona chumba chenye mashine ya bei kubwa ambayo chati zake hazijafunguliwa tena tangu siku zilipohifadhiwa, na nimeona daftari kuukuu lililomwezesha daktari kuokoa meno ya mtu, kwa kuwa kila ukurasa wake ulilinganishwa na uliotangulia. Kati ya hayo mawili nachagua daftari.

Kulinganisha nako kuna adabu yake. Tofauti ya milimita moja kati ya safari mbili inaweza kuwa ya mkono tu, hata kwa mpimaji yule yule na probu ile ile, kwa hiyo hatumtishi mtu kwa hiyo wala hatumpongezi. Tofauti ya milimita 2 au zaidi mahali pamoja ndiyo inayotufanya tusimame, tupime tena na tuulize nini kimebadilika. Hesabu kama hiyo haiwezekani ikiwa safari ya kwanza iliandikwa maneno matupu. Mwaka jana alikuja kwetu mgonjwa aliyehama kutoka mahali ambapo sitapataja, akiwa na barua ya rufaa yenye sentensi mbili: fizi hazina afya, asafishwe. Alikuwa amehudhuria huko kwa miaka sita, amesafishwa mara nyingi na kulipa kila mara. Tulimpima tukakuta mifuko ya milimita 7 kwenye meno manne. Je, ilikuwa 9 ikapungua, au ilikuwa 4 ikaongezeka? Katika hali ya kwanza aliyemtibu anastahili shukrani na matibabu yaendelee vilevile. Katika hali ya pili miaka sita imepotea. Mgonjwa alituuliza swali hilo hilo, nasi hatukuwa na la kumjibu, maana hakuna aliyeandika.

Ombi langu, Mhariri, linawahusu watu wa aina tatu. Waandishi wa kurasa za afya watakapoandika tena kuhusu fizi waitaje probu na milimita, kama ambavyo wakiandika kuhusu shinikizo la damu hawasahau kutaja namba mbili za mashine. Madaktari wampe kila mgonjwa nakala ya chati yake, ya karatasi au ya simu, yenye tarehe, aina ya probu, kina cha mfuko, ukingo wa ufizi na nukta za damu. Mgonjwa akihama, chati ihame naye. Waliopandikizwa meno ya bandia mfupani wapimwe mara tu jino linapowekwa taji, kwa mkono mwepesi, ili pawe na namba ya kuanzia, kwa kuwa kina cha kawaida hapo hakifanani kwa kila mtu na bila namba ya kwanza ya pili haina maana. Na wagonjwa, kabla ya kushuka kwenye kiti, waulize: mfuko wangu mkubwa kuliko yote ni milimita ngapi, uko jino gani, na safari iliyopita ulikuwa ngapi? Hakuna daktari mwenye busara atakayechukia swali hilo, na atakayelichukia atakuwa amekwisha kukujibu.

Yupo mzee mmoja, mwalimu mstaafu, anayekuja kwetu kila baada ya miezi mitatu. Alipoanza alikuwa na mfuko wa milimita 8 nyuma ya gego la chini kulia, na daktari hakumficha kwamba pengine jino hilo lingeng'olewa. Chati zake zote anazo nyumbani, na huja na ile ya mwisho imekunjwa ndani ya kasha la miwani yake. Mara ya mwisho alipopimwa aliinua kidole kuomba kinywa kipumzike, akanigeukia na kuniuliza lile gego lake limesoma ngapi. Nikamwambia nne. Alinitazama juu ya miwani kama anayesahihisha daftari la mwanafunzi, akasema, "Mwanangu, nne, au nane, saba na moja?"

Nikamgeuzia karatasi aione mwenyewe.

Wako katika kazi,
Msaidizi wa daktari wa meno